Futi Tatu na Inchi Sita

Baba hakuniagiza picha ya maporomoko. Nilipomweleza kwamba naenda Livingstone, Zambia, kuyaona maji ya Mosi-oa-Tunya, yale yanayoitwa pia Victoria Falls, alinyamaza, akaingia chumbani kwake, akatoka na tepu yake ya chuma ya kupimia, ganda lake limechubuka rangi pande zote.

"Pale darajani kuna reli," akasema. "Nipimie geji."

Geji ni upana wa njia ya reli, kutoka ubavu wa ndani wa chuma kimoja hadi ubavu wa ndani wa chuma cha pili. Ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni milimita 1,067, na wazee wa reli huitaja kwa kipimo cha zamani: futi tatu na inchi sita. Baba ameishi ndani ya kipimo hicho. Alianza kibarua mwaka 1971, kijana asiye hata na ndevu, kwenye kambi za kati ya Mlimba na Makambako, kule ambako Wachina na vijana wetu walikuwa wakitoboa milima na kuunganisha mabonde kwa madaraja. Reli ilipokamilika akabaki kuwa mtu wa gengi: kukaza, kupima, kubadilisha mataruma yanayolala chini ya vyuma, kutembea juu ya njia mvua na jua, mpaka alipostaafu. Makambako ndiko alikojenga, na ndiko nilikozaliwa mimi.

Ana usemi wake ambao tumeusikia tangu utotoni: "Mimi niliajiriwa na daraja la Mosi-oa-Tunya." Tulidhani ni maneno ya mtu aliyechoka. Nilipokua nikasoma, nikaona ana haki ya kusema hivyo, ingawa tarehe zinamkatalia kidogo.

Zambia ilipata uhuru Oktoba 1964, nchi yenye shaba tele na isiyo na bahari. Shaba ile ilishuka kusini kwa reli, ikavuka daraja la maporomoko, ikaingia Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na kwenda kutafuta bandari mbali huko. Mafuta na bidhaa zilipanda kwa njia hiyohiyo. Novemba 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, na wenzake wakajitangazia uhuru wao wa walowezi, na hapo Zambia ikawa kama mtu anayepumulia pua ya adui yake. Ndiyo maana yalifuata yale ambayo wazee wetu wanayakumbuka: malori yaliyobeba mapipa ya mafuta kwenye barabara ya vumbi kutoka Dar es Salaam, bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968, kisha reli. Mataifa ya Magharibi yalikataa kuijenga; yalisema haitalipa. China ikatoa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza Oktoba 1970, vyuma vikakamilika Juni 1975, na Julai 1976 reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa rasmi kwa nchi mbili.

Daraja lenyewe lilikuwa bado wazi baba alipoanza kazi. Smith aliufunga mpaka Januari 1973. Wiki chache baadaye akasema ameufungua, lakini Kaunda, rais wa Zambia, akakataa kurudi nyuma, na mpaka ukabaki umefungwa upande wake hadi Oktoba 1978. Kwa hiyo baba aliajiriwa na hofu ya kufungwa kwa daraja kabla daraja halijafungwa. Nilimweleza hivyo siku moja. Akanijibu kwamba mtu huchimba kisima kabla hajaona kiu.

*

Nilipanda treni Makambako, Mei 2023. Sitaielezea safari yote, maana anayeijua TAZARA anajua, na asiyeijua namwombea aipande mwenyewe siku moja. Nitaje tu mpakani. Tunduma na Nakonde ni mji mmoja ulioshonwa katikati na mstari. Ukiwa ndani ya behewa, maofisa wa uhamiaji wanapanda, wanagonga mihuri wakiwa wamesimama kwenye korido, na nyuma yao wanaingia wabadilisha fedha na vibunda vya kwacha mikononi. Nilitoa kadi ya njano ya chanjo ikaangaliwa. Nikarudi kitandani. Nchi imebadilika, godoro ni lilelile.

Kapiri Mposhi ndipo reli yetu inapoishia, na hapo nilijionea jambo ambalo baba hulizungumza kwa uchungu. Kuna stesheni mbili. Ya TAZARA, kubwa, ya zege, na ya reli ya zamani ya Zambia, ile iliyotoka kusini kwa Waingereza. Geji ni moja. Wachina walijenga reli yetu kwa geji hiyo makusudi, tofauti na Reli ya Kati ya kwetu yenye upana wa mita moja, ili mabehewa yaweze kuendelea mbele bila kushusha mzigo. Lakini abiria anashuka na mabegi yake na kutafuta basi. Nami nikatafuta basi. Lusaka nililala usiku mmoja, kesho yake nikasafiri karibu kilomita 480 kuelekea kusini. Jua lilikuwa limeanza kulala tulipokaribia Livingstone, na mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akanigusa bega, akanyoosha kidole dirishani. Juu ya miti kulikuwa na wingu jeupe peke yake, limesimama wima, halisogei. Mbingu yote nyingine ilikuwa safi.

"Mosi," akasema.

Sikuhitaji mkalimani. Jina lile ni la Kikololo, lugha iliyochangia kuzaa Kilozi cha leo, na maana yake ni moshi unaonguruma. Watu wa magharibi wanalitafsiri kila mara, kwenye vitabu na vibao. Sisi tunalisikia nusu yake bila kufundishwa. Watonga, waliokuwa hapo kabla ya Wakololo, wanaliita Shungu Namutitima, maji yanayochemka. Umoja wa Mataifa kupitia UNESCO uliliorodhesha eneo lile mwaka 1989 kwa majina mawili yakifuatana, Mosi-oa-Tunya na Victoria Falls, na la kwanza ndilo lililoandikwa mbele. Hilo lilinifurahisha zaidi ya nilivyotarajia.

*

Usiku ule nilikula nshima na samaki wa mtoni kwenye banda karibu na barabara kuu. Meza ya jirani alikaa dereva wa lori, mtu mzima, aliyenisikia nikizungumza na simu. "Mama, unatoka ku Dar?" Alikuwa wa Lubumbashi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Katanga, kinachotembea kwa mwendo wake mwenyewe, na kilinifanya nisahau nilikuwa mbali na nyumbani. Anabeba shaba kutoka Kongo kwenda Afrika Kusini. Hapiti daraja la maporomoko. Anakata magharibi, kama kilomita 70, mpaka Kazungula, anaingia Botswana.

Akanisimulia Kazungula ya zamani. Palikuwa na pantoni tu. Zambia na Botswana zinagusana pale kwa mpaka mfupi mno, chini ya mita 200 za mto Zambezi, na lori lilisubiri zamu yake siku kadhaa, wakati mwingine wiki. "Tulilalaka pale, tulipikaka pale, bengine baliugua pale." Mei 2021 daraja likafunguliwa, mita 923, na halikunyooka. Limepinda katikati ya mto ili lisiguse upande wa Zimbabwe. Dereva alichora mpindo ule kwa kidole kwenye kitambaa cha meza, kwa upole, kama mtu anayechora kitu alichokitamani miaka mingi. Sasa anapita siku hiyohiyo, ofisi za nchi mbili ziko chini ya paa moja.

Nilimuuliza kama amewahi kuyaona maporomoko. Amepita Livingstone kwa miaka kumi na saba. Hajawahi. Mzigo una saa zake.

Jibu hilo nililala nalo.

*

Asubuhi nikaenda. Upande wa Zambia hifadhi inaitwa Mosi-oa-Tunya, na lango lake liko hatua chache tu kutoka kituo cha mpaka. Kuna bei za aina tatu: ya mwenyeji, ya raia wa nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, na ya mgeni wa mbali. Niliweka pasipoti yangu dirishani, binti wa tiketi akaitazama, akanitoza ile ya kati. Nilimwambia asante mara mbili, akadhani nafurahia punguzo. Kilichonigusa ni kingine. SADC ilianza Lusaka mwaka 1980 kwa jina la SADCC, na ilizaliwa na nchi za Mstari wa Mbele, zilezile zilizokaa vikao usiku na mchana kuwaunga mkono waliopigania uhuru kusini. Punguzo lile lina wazee nyuma yake.

Mei maji ni mengi. Mvua za Angola na magharibi ya Zambia huchukua miezi kufika, hivyo mto hujaa mvua za Livingstone zikiwa zimekwisha. Nilivaa koti la mvua la kukodi na ndani ya dakika mbili nikajua halina kazi. Kuna daraja jembamba la waenda kwa miguu linalovuka kwenye ukingo wa mwamba mbele ya maporomoko, na hapo mvua hainyeshi kutoka juu. Inatoka chini, korongoni, inapanda, inakupiga usoni na kidevuni, inaingia ndani ya koti kupitia kiunoni. Unasikia mngurumo kifuani kabla ya masikioni. Upana wa maporomoko ni mita 1,708, na maji huanguka hadi mita 108. Nilikuwa nimezikariri tarakimu hizo kwenye treni, na pale juu hazikunisaidia kitu. Nilisimama nimeshika chuma cha pembeni, nalia. Watoto wa shule waliokuja na mwalimu wao walinipita wakipiga kelele za furaha, wamelowa sare zote, na hakuna aliyeshangaa kuniona, maana kila uso pale ulikuwa na maji.

Upinde wa mvua ulikuwa chini ya miguu yangu, duara karibu kamili.

Karibu na njia kuna sanamu ya David Livingstone. Kila upande wa mto una ya kwake. Alifika Novemba 1855, akipelekwa kwa mtumbwi na Wakololo, watu wa Chifu Sekeletu, waliokuwa wakiyajua maji hayo tangu zamani na ndio waliomwonyesha. Akayapa jina la malkia wake. Sina ugomvi na marehemu. Lakini sisi wa upande wa pwani tunayo sehemu yetu katika habari hiyo, na pale kwenye sanamu sikuiona. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, ndani ya nchi hii hii, waliomkausha, wakamfunga na kumbeba miezi kadhaa hadi Bagamoyo walikuwa kina Abdullah Susi na James Chuma na wenzao, wanaume kwa wanawake, wakipita kwenye njaa na maradhi, na baadhi yao walifia njiani. Moyo wake waliuzika chini ya mti. Maiti ikalazwa usiku kwenye mnara wa kanisa la misheni Bagamoyo kabla ya kupakiwa melini. Nimeuona mnara ule. Ningependa siku moja, mahali fulani kati ya hizo sanamu mbili, majina ya Susi na Chuma yachongwe kwa herufi zinazosomeka kutoka mbali.

*

Kuvuka mpaka ndiko kulikonitia uchungu, na nitaeleza taratibu.

Nje ya ofisi ya uhamiaji alinifuata kijana mwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni, mpole, Kiingereza kizuri. Akaniuliza natoka wapi, akasema Mtanzania anahitaji kibali cha kuvuka, dola 20, yeye atanisaidia nisipange foleni. Nikatoa. Mtu wa Makambako, niliyekulia karibu na mabasi ya Tunduma na vishoka wake, nikatoa. Nilipofika dirishani ofisa akagonga mhuri bila kuniuliza hata senti, maana Mtanzania haendi kwa viza Zambia wala Zimbabwe. Nilipogeuka kijana hayupo.

Nisingelitaja kama lingeniishia mimi tu. Lakini foleni ile ilikuwa ndefu, na nilikaa ndani yake kama saa nzima baada ya hapo, nikawaangalia watu. Watalii kutoka Ulaya na Marekani walikuja kwa makundi na kiongozi wao. Kwao mambo yamerahisishwa: tangu Novemba 2014 kuna viza moja ya KAZA, dola 50, inayowaruhusu kuingia Zambia na Zimbabwe na kurudi watakavyo kwa siku 30, hata kwenda Botswana kutwa kupitia Kazungula. Ni mpango mzuri, nausifu kwa moyo mmoja. Mtu aone maporomoko kutoka pande zote mbili, maana mto ni mmoja. Kulipia viza mara mbili kutazama maji yaleyale kulikuwa ni kuwachosha wageni bure. Na anayetaka kufika darajani tu, kuangalia au kuruka na kamba mita 111 kuelekea mtoni, anapewa kijikaratasi chenye mhuri na idadi ya watu, anaenda na kurudi bila hata kuhesabiwa kuwa ametoka nchini.

Mbele yangu alisimama mama wa Chinotimba, kitongoji cha mji wa Victoria Falls upande wa Zimbabwe. Alikuwa na madumu mawili ya mafuta ya kula, sukari, na mfuko wa unga. Anavuka mara tatu kwa wiki. Akafungua pasipoti yake kunionyesha: mihuri imejaa, kurasa mbili tu zimebaki nyeupe, na pasipoti ile haijamaliza hata nusu ya miaka yake. Pasipoti mpya ni mafuta ya miezi mingi. Alikuwa ameona niliyofanyiwa na yule kijana, na akasikitika kwamba hakuwahi kunizuia. "Sisi," akaniambia, "next time ask us first."

Kwa Kindebele "sisi" ni dada. Lakini sikioni mwangu neno lile liliingia kama letu, na nikalibeba hivyo siku nzima.

Watu kama yeye walikuwa wengi kuliko watalii. Wanaume wanasukuma baiskeli zilizobeba magunia, wanawake na mizigo kichwani, wanalijua kila shimo la barabara. Hawana kiongozi wa kuwatangulia dirishani. Mimi naamini kabisa kwamba mpaka ulioweza kubuni viza moja kwa mgeni wa siku mbili unaweza kubuni kadi moja ya kudumu kwa mama anayevuka mara tatu kwa wiki, isiyokula kurasa, isiyomsimamisha juani na madumu. Ndugu wa pande mbili hizi ni walewale. Watonga wako Zambia na Zimbabwe. Mto haukuwa mpaka wao mpaka walipotokea watu wa ramani.

*

Kutoka kituo cha Zambia hadi darajani ni mwendo mfupi, nyani wakikusindikiza na kuangalia kila mfuko ulioushika. Nikamsaidia yule mama dumu moja.

Daraja ni upinde wa chuma, mita 198 kwa urefu, mita 128 juu ya maji. Vyuma vilitengenezwa Darlington, Uingereza, vikaletwa kwa meli hadi Beira na kwa reli hadi hapa, na likafunguliwa Septemba 12, 1905. Cecil Rhodes ndiye aliyetaka lijengwe karibu kiasi hicho, ili manyunyu yaloweshe mabehewa ya treni yake ya kutoka Cape hadi Cairo. Alifariki mwaka 1902 bila kuyaona. Manyunyu yanafika kweli. Yalitufikia tukiwa katikati, mepesi, kama umande.

Katikati kuna mstari. Nikamwomba mama tusimame.

Agosti 25, 1975, hapohapo juu ya mstari, liliegeshwa behewa la reli ya Afrika Kusini. Ian Smith na watu wake waliingia kutoka upande wao, viongozi wa wapigania uhuru wakiongozwa na Askofu Abel Muzorewa kutoka upande wa Zambia, na wasuluhishi walikuwa Kaunda na John Vorster, waziri mkuu wa Afrika Kusini. Meza ilikaa ili kila kundi liwe limekaa upande wake wa mstari. Hawakuelewana. Vita vikaendelea mpaka karibu na uhuru wa Zimbabwe, Aprili 1980. Miezi miwili kabla ya behewa lile kusimama pale, gengi la mwisho la reli yetu lilikuwa limeshaunganisha vyuma, na Zambia haikuhitaji tena kuomba ruhusa ya kupita darajani. Nafikiri Kaunda alikaa mezani siku ile kwa mgongo ulionyooka zaidi kwa sababu ya watu kama baba yangu, na hakuna atakayeniondoa kwenye fikra hiyo.

Korongo lile liliona mabaya pia. Mei 1973, miezi minne baada ya kufungwa kwa mpaka, wasichana wawili watalii wa Canada walipigwa risasi na kufa wakiwa matembezini upande wa Rhodesia. Risasi zilitoka ng'ambo ya Zambia. Walikuja kuangalia maji. Nilipokuwa nikitazama chini, watu wa mitumbwi ya mpira wakipita wadogo kama punje, niliwafikiria sana hao wawili. Ukingo uleule leo umejaa watu wanaopiga picha wakicheka.

Mama wa Chinotimba alikuwa anaharakisha. Tukaagana upande wa pili. Alikataa nimlipie soda.

Upande wa Zimbabwe niliutembea mchana kutwa. Sehemu kubwa ya maporomoko inaonekana kutoka huko, na anayekuja miezi ya Oktoba na Novemba, mto ukiwa umepungua na ukingo wa Zambia kuonyesha miamba mitupu, afadhali aanzie huko. Msitu ulio mbele ya maji hunyeshewa na manyunyu mwaka mzima, una ubichi ambao hauna uhusiano na nyika iliyouzunguka. Niliketi kwenye benchi lililolowa nikala mkate wangu haraka kabla nyani hajanifikia.

*

Nilirudi darajani saa kumi na moja jioni. Malori mawili yalikuwa yakipita polepole, moja moja. Nikasubiri. Reli inapita upande mmoja wa daraja, vyuma vimeng'aa kidogo juu, na pembeni kuna njia ya watembeao. Nikatazama kushoto na kulia, nikatoa tepu ya baba, nikachuchumaa.

"Madam!"

Mlinzi alikuja mbio, mkono umeinuliwa. Nikamweleza. Nilianza vibaya, kwa kumtaja TAZARA, kisha Makambako, kisha baba, na Kiingereza changu kikawa kinajikwaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza baba ana umri gani. Nikamwambia. Akaangalia upande wa Livingstone, akaangalia upande wa pili, akaniambia hakuna treni saa hiyo. Kisha akachuchumaa upande wa chuma cha pili na kunyoosha mkono apokee ncha ya tepu.

Tukapima. Mita moja na sentimita saba, mstari ukiwa umepita kidogo. Tukasogea hatua tano, tukapima tena, tukapata vilevile. Akaniandikia namba kwenye kiganja changu kwa kalamu yake, maana kidaftari changu kilikuwa kimelowa tangu asubuhi.

Nilimpigia baba nikiwa bado nimesimama pale. Alipokea mara ya kwanza ilipoita. Nyuma yake nilisikia redio na kuku.

"Shikamoo baba. Ni ileile. Mita moja na sentimita saba na kidogo."

Kimya. Kisha, "Hiyo kidogo ni ngapi?"

"Milimita mbili, tatu."

"Chuma kimelika upande wa ndani. Njia ya mita 1,067 hufunguka hivyo mizigo ikipita sana." Alikuwa anazungumza haraka, na amekosea, amesema mita badala ya milimita, jambo ambalo sijawahi kumsikia akilikosea. "Kwa hiyo behewa likitoka Dar linafika hapo ulipo."

"Linafika, baba."

"Bila kushusha mzigo."

"Bila."

Mlinzi alikuwa ameshika bado ncha ya tepu, ananitazama. Baba akakohoa, akapunguza sauti ya redio.

"Mataruma ni ya mbao au ya zege?"

Sikuwa nimeangalia. Nikamwambia asubiri, nikachuchumaa tena.